Chuchu za mwanaume kuvimba au kutuna: ni nini hasa, na operesheni inafaa lini

Vijana wengi hili jambo wanalibeba kimya kimya kwa miaka. Mechi ya mtaani timu moja ikiambiwa ivue mashati yeye ghafla mguu unamuuma, beach anaogelea na tisheti, ndani ya shati jeupe lazima kuwe na singlendi ya kubana, na akitembea mabega anayakunja mbele ili nguo isigusane na kifua. Na wengi wao wala sio wanene, kuna wembamba kabisa ila chuchu zimetuna mpaka zinaonekana juu ya nguo. Naandika hii kwa sababu naona watu wanarukia swali la operesheni ni shilingi ngapi kabla hawajajua wanaenda kukatwa nini.

Kitabibu inaitwa jainekomastia, yaani tezi ya maziwa ya mwanaume imekua kuliko kawaida. Ndiyo, mwanaume naye anayo, imekaa nyuma ya chuchu tangu anazaliwa, ndogo tu na imelala. Homoni ya estrojeni inaichochea ikue, testosteroni inaizuia, na kila mwanaume mwilini anazo zote mbili, kwa hiyo mizani ikilalia upande wa estrojeni tezi inaanza kunenepa. Ikinenepa hapo hapo nyuma ya ule mduara mweusi unaozunguka chuchu bila kusambaa kifuani, mduara unasukumwa mbele na kutuna. Ndio maana unakuta mtu akiwa kwenye baridi chuchu zinasinyaa anaonekana hana shida yoyote, akipata joto zimetuna tena.

Kuna kitu kingine ukikiangalia kwa macho kinafanana nayo, nacho ni mafuta tu ya kifuani, na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Jipime hivi: lala chali, mkono mmoja weka nyuma ya kichwa, halafu kidole gumba na cha shahada cha mkono mwingine viweke pande mbili za titi uvisogeze taratibu kuelekea kwenye chuchu. Ukikutana na kitu kigumu kiasi, kinateleza, mfano wa firigisi ya kuku, na kimekaa sawasawa chini ya chuchu, hiyo ni tezi. Vidole vikifika mpaka chuchuni bila kuzuiwa na kitu, ni laini tu mwanzo mwisho, hayo ni mafuta. Wengi wana vyote viwili. Mafuta ukipungua mwili nayo yanapungua, lakini tezi haijui pushapu, unaweza ukapiga benchi presi mwaka mzima na unachopata ni msuli mkubwa nyuma yake unaoisukuma mbele zaidi. Na zile krimu za kupunguza matiti zinazouzwa mitandaoni, tezi haiyeyuki kwa kupakwa, hela yako itunze.

Kwa mvulana wa miaka 13 au 14 hii kitu ni ya kawaida sana, kwa makadirio mengi ni kama nusu ya wavulana wote inawapata wakibalehe, upande mmoja au yote, na wakati mwingine inauma ukigusa. Wengi inaondoka yenyewe ndani ya miezi 6 mpaka miaka 2. Wazazi mwacheni mtoto, msimtanie mbele ya wenzake na msimkimbize kwenye kisu, mpelekeni akaonwe mara moja basi. Watoto wachanga pia wanatuna kifua kwa sababu ya homoni za mama, na ile tabia ya kuyakamua eti yatoke maziwa iacheni kabisa, inaleta maambukizi na majipu. Halafu kuna wazee, kuanzia miaka 50 na kuendelea, testosteroni inashuka na mafuta ya mwili yanaongezeka.

Ila kwa mtu mzima wa katikati hapo ambaye limeanza tu juzi juzi, swali la kwanza ni kitu gani kimeleta. Dawa ni wahusika wakubwa: spironolaktoni ya moyo na ini, ketokonazoli ya vidonge inayotibu fangasi, baadhi ya dawa za tezi dume, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, na kwa huku kwetu efavirenz, ile ARV (dawa ya VVU) iliyotumiwa na watu wengi sana kabla ya dolutegravir, ARV nyingine, kushika nafasi yake. Tafadhali sana, kama unahisi ni ARV usiache dawa kimya kimya, rudi CTC, yaani kliniki yako ya VVU, uwaambie, wana namna ya kukubadilishia. Wengine ni pombe ya miaka mingi na ini lililochoka, figo kushindwa, goita inayomwaga homoni kupita kiasi, au uvimbe kwenye korodani ambao mtu hajawahi hata kujipapasa akaujua. Na mabaunsa wa jimu wanaochoma steroidi mjue kabisa kwamba testosteroni ya sindano ikizidi mwili unageuza sehemu yake kuwa estrojeni, ndio unakuta mtu kifua kipana mabega makubwa na chuchu zimetuna.

Kwa hiyo daktari makini kabla ya kuongelea kisu atakuuliza dawa unazotumia, atakupapasa titi, atakupapasa na korodani (usione aibu, ndio kazi yenyewe), na akiona sababu atakuagiza vipimo vya damu vya homoni, ini, figo na goita. Uende haraka zaidi kama uvimbe ni mgumu kama umeganda, uko pembeni ya chuchu na sio chini yake, chuchu imezama ndani, inatoa damu, au kuna kidonda hakiponi. Saratani ya matiti kwa wanaume ipo, ni kama asilimia 1 ya saratani zote za matiti, ni chache lakini wanaume wanachelewa sana kwa sababu hawaamini inaweza kuwahusu.

Muda nao una maana kubwa. Miezi ya mwanzo tezi bado laini, ukiondoa sababu inaweza kurudi, na kuna madaktari wanatoa tamoksifeni, dawa ya kuzuia estrojeni kwenye titi, kwa miezi michache hasa kama inauma, ila hiyo ni ya kuandikiwa, sio ya kujinunulia dirishani. Ikishapita kama mwaka inageuka kuwa nyuzi nyuzi ngumu kama kovu na hapo dawa haifanyi kitu. Ndipo operesheni inapokuwa na maana, na mtu mzima ambaye hali yake haibadiliki, sababu imeshatafutwa, na linamnyima raha, ana haki kabisa ya kuitaka bila kuambiwa anajipendekeza kwa urembo.

Inavyofanyika: kama ni tezi peke yake, daktari anachana nusu duara ya chini ya ule mduara mweusi, pale pale rangi inapobadilika ili kovu lijifiche, anaichonga tezi na kuitoa. Hatoi yote. Anaacha kipande chembamba nyuma ya chuchu, maana ukikwangua mpaka mwisho chuchu inabonyea ndani na kurekebisha shimo hilo ni kazi ngumu kuliko operesheni yenyewe. Kama kuna mafuta yananyonywa kwa mrija. Kunyonya mafuta peke yake bila kutoa tezi ndio sababu ya watu wengi kumaliza kila kitu na chuchu bado zimetuna vile vile, kwa hiyo uliza wazi, tezi unaitoa au unanyonya tu?

Baada ya hapo unavaa fulana maalum ya kubana kwa wiki kadhaa, kazi ya ofisini watu wengi wanarudi kwa kama wiki, jimu subiri wiki 4 mpaka 6. Damu inaweza kujikusanya ndani, majimaji pia, chuchu inaweza kufa ganzi kwa miezi, pande mbili zisilingane. Na sisi wenye ngozi nyeusi tuna shida ya kovu kuota keloidi, kama una moja sikioni au begani mwambie daktari mapema. Ukirudia steroidi, kile kipande kilichoachwa kinaweza kukua tena.

Tafuta daktari wa upasuaji rekebishi aliyesajiliwa, Tanzania na Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya na KMPDC (baraza la madaktari la huko), sio saluni yenye kitanda. Bima nyingi zinaihesabu kuwa urembo hivyo jiandae kulipa mfukoni, na kwenye hiyo bei hakikisha kuna hela ya maabara, kwa sababu tishu iliyotolewa inatakiwa ipelekwe ikaangaliwe kwa darubini na majibu upewe mkononi.