“Clever”, “smart”, “shrewd”: Kiingereza kinaposema mtu ana akili, kinasema akili gani?

Fungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili utafute “clever”: utapewa “-enye akili, -erevu”. Tafuta “intelligent”, upewe tena “-enye akili”. Nenda kwa “bright”, “sharp”, “shrewd”, “cunning”, kote utarudishwa palepale kwenye akili na werevu, labda na ujanja kidogo pembeni. Kamusi haijadanganya, ila kazi ngumu imekuachia wewe. Mwalimu anayemwandikia mwanafunzi barua ya kumpendekeza chuoni, akachagua “cunning” kwa sababu kamusi imesema ni “-erevu”, amekwisha kuwaambia wenye chuo kwamba mtoto huyo ni laghai.

Wengi hukosea kwa kuyapanga maneno haya kama ngazi, wakidhani kila moja lina akili nyingi kuliko lililo chini yake. Ngazi hiyo ipo, lakini ni fupi: “brilliant” liko juu ya “intelligent”, basi. Mengine ukitaka kuyatenganisha, uliza akili hiyo inafanya kazi gani, faida yake inamwendea nani, na nani anamsema nani.

“Intelligent” ndilo neno baridi kuliko yote. Linataja uwezo wa kuelewa na kujifunza, halisemi mwenye uwezo huo ameutumia kwa jambo gani. Kwa hiyo halichagui: profesa, mbwa, hata pweza huitwa “intelligent”. Ubaridi huo unalifaa neno la kitaalamu, na ndilo lililoingia katika jina la ile teknolojia ambayo sisi tunavutana kuiita akili mnemba, akili unde au akili bandia. Lina ndugu wawili wa kuangaliwa. “Intellectual” ni mtu wa vitabu na mijadala. Mbwa wako anaweza kuwa “intelligent”, lakini “intellectual” hatafika. Na nomino “intelligence” hutumika pia kwa habari za kijasusi. “Intelligence officer” ni ofisa wa upelelezi. Akili zake zinaweza kuwa za kawaida tu.

“Clever” lina wepesi ambao “intelligent” halina. Ni akili inayoona upenyo pale wengine wanapoona ukuta, kwa hiyo linakaa vizuri kwa mtu na kwa kitu pia: jibu, mtego, kifaa, mpango. Kopo lililotobolewa likawa bomba la kunawia mikono ni “clever”. Haliwezi kuwa “intelligent”, maana halielewi kitu. Uingereza, hili ndilo neno la kila siku kwa mtoto anayefanya vizuri shuleni. Hata hivyo halijawahi kupata heshima kamili. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, aliliandika kuwa “a low word”, neno la chini, la mazungumzo na dhihaka. Harufu hiyo bado ipo. Mwingereza akikuambia “That's very clever” huku akivuta sauti, jiulize amekusifu au amekupima.

Harufu hiyo imekolea katika msemo “too clever by half”, ambao una historia inayotuhusu. Mwezi Machi 1961, Lord Salisbury alisimama katika Bunge la Malordi mjini London kumshambulia Iain Macleod, waziri wa makoloni, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameongoza mkutano wa Lancaster House juu ya Kenya. Malalamiko yalikuwa kwamba Macleod anawazunguka walowezi wa Kizungu barani Afrika. Tusi lililochaguliwa ni hilo: “too clever by half”. Macleod alikuwa hodari wa mchezo wa karata uitwao bridge, na Salisbury aliutaja mchezo huo kana kwamba waziri amewaletea walowezi hila za mezani. Hakumwita mjinga wala mwongo. Alimwita mwerevu kupita kiasi, na msemo huo ulimganda Macleod mpaka mwisho. Mfasiri asihangaike kutafsiri hiyo nusu ya “by half”: Kiswahili kina methali mbili zinazotosha, “akili nyingi huondoa maarifa” na “werevu mwingi, mbele kiza”.

Angalia pia kihusishi. “Clever at” hutangulia somo au mchezo, “clever with” hutangulia mikono, maneno au fedha. “It was clever of you to wait” inasifu tendo moja la kusubiri; siku nyingine zote hazikutajwa.

“Smart” ndilo linalowagawa watu kwa nchi zao. Asili yake ni uchungu wa kuwasha: mpaka leo kitenzi “to smart” ni kuwasha au kuchonyota, kama macho yaliyoingia sabuni. Marekani neno limekwenda moja kwa moja kwenye akili, na huko ndilo la kawaida kuliko “clever”. Uingereza limekwenda kwanza kwenye unadhifu wa mavazi, na Afrika Mashariki tumefuata njia ya Uingereza: mtu akiwa smati, basi kapiga pasi. Mmarekani akimwambia dada wa Nairobi “You're so smart”, dada huyo ana haki ya kutazama gauni lake kwanza. Katika vifaa, neno lilipokuja na simu, Kiswahili kilichagua ujanja kikaiita simu janja. Uchaguzi mzuri, kwa maoni yetu, kwa sababu “mjanja” wa mjini leo ni sifa zaidi kuliko lawama. Mzazi anaposema “Don't get smart with me”, akili haimo tena. Maana yake ni “usiniletee ujuaji”.

Kisha kuna maneno ya makali. Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida asiyoijua, kwa sababu alishakutana nayo katika hisabati. Pembe iliyo chini ya nyuzi 90 ni pembe kali, kwa Kiingereza “acute”. Iliyo kati ya 90 na 180 ni pembe butu, “obtuse”. Maneno hayohayo husemwa juu ya watu: mwenye akili “acute” hutenganisha vitu vinavyofanana sana, na aliye “obtuse” ni mzito wa kuelewa, mara nyingi kwa kutotaka kuelewa. “Sharp” ni kali pia, ila linasifu kasi ya kunasa: karani anayeona tarakimu moja iliyokosewa kwenye hesabu ndefu, au bibi wa miaka 90 anayekumbuka nani hajamrudishia sufuria. Usilichanganye na “mkali wa hesabu” wa Kiswahili cha mtaani. Huyo ni bingwa, na bingwa anaweza kwenda polepole. “Sharp” linaweza pia kukata mwenye nalo, kwani “sharp practice” ni hila za kibiashara zinazopita ukingoni mwa sheria.

“Keen” ni la jamii hiyo pia, lakini limehama. Kabla ya “mind” au “eye” bado lina makali. Kabla ya mtu, limekuwa hamu na bidii: “a keen student” ni mwanafunzi mwenye ari, na mitihani yote anaweza kuifeli. Wakenya wamelisogeza mahali pengine tena, “be keen” yao ni “kuwa makini”. Mwingereza anayesikia hivyo hushangaa kidogo, kisha huelewa.

Yapo ya nuru. “Bright” husemwa na mkubwa kwa mdogo, au na mwenye kazi kwa anayeomba kazi. Ni kipanga wa darasa, mtoto anayetazamiwa kufika mbali. Ukiandika kwamba profesa wako ni “bright”, umempapasa kichwani. “Brilliant” halina kizuizi hicho cha umri, lakini limeshafika kileleni, kwa hiyo haliitaki “very”. Andika “absolutely brilliant” au liache peke yake. Wala usivimbe kichwa Mwingereza akikujibu “Brilliant!” baada ya wewe kusema chai ipo tayari, amesema “safi sana”.

Yanayoumiza zaidi ni ya ujanja, kwa sababu yamebadilishana viti. “Shrewd” zamani lilikuwa neno baya, lenye maana ya mwovu na mkorofi. Shakespeare bado alilitumia hivyo. Leo ni sifa: mfanyabiashara “shrewd” anajua thamani ya kitu, anajua mtu anayezungumza naye anaficha nini, na haibiwi. “Cunning” lilikwenda upande wa pili. Linatokana na kujua, na katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 Esau ni “a cunning hunter”, yaani, kama Biblia ya Kiswahili ilivyosema, mtu ajuaye kuwinda. Leo “cunning” ni mbweha na mwizi. “Astute” lilitoka Kilatini likiwa na maana ya hila, lakini Kiingereza kimelisafisha: hutajwa kwa mwanasiasa anayesoma upepo, kwa swali zuri, kwa uchambuzi. Tofauti yake na “shrewd” ni kwamba “astute” linaelekea kwenye kuona, “shrewd” linaelekea kwenye kupata.

Nyoka anatusaidia hapa. Katika Mwanzo 3:1 Biblia ya Kiswahili inamwita “mwerevu kuliko wanyama wote wa mwitu”. Biblia ya Kiingereza iitwayo New International Version imeandika “crafty”, neno la karibu sana na “cunning”. Katika Mathayo 10:16 wanafunzi wanaambiwa “iweni na busara kama nyoka”, na Biblia hiyohiyo ya Kiingereza imeandika “shrewd”. Mnyama ni yuleyule. Kwanza anamdhuru Hawa, kisha anakuwa mfano wa kujihadhari kwa kondoo waliotumwa kati ya mbwa-mwitu, na neno likabadilika kwa kufuata nani anaumia. Hata sungura wa hadithi zetu hubadilika hivyo. Anapomponyoka simba ni “clever”; anapowaibia wenzake maji ya kisima walichochimba bila yeye ni “cunning”, na msimulizi anayemtaka aonekane mtundu bila kuchukiwa atasema “wily”.

“Wise” halimo katika mbio hizi. Ni hekima, ni uamuzi mzuri, na mara nyingi ni umri. Alama za mtihani hazimfanyi mtu “wise”. Ila Mmarekani akikuita “wise guy”, amekuita mjuaji, na katika lugha ya magenge ya New York “wiseguy” ni mwanachama wa Mafia.

Sasa ile barua ya chuo. Kwa mwanafunzi, “bright” na “intelligent” ni salama, ingawa anayepokea barua nyingi huyapita maneno hayo bila kuyasoma. “Sharp” na “astute” huhitaji ushahidi: andika alinasa kosa gani, aliuliza swali gani. “Clever” litie pamoja na kazi aliyoifanya, mfano “a clever solution”, lisibaki peke yake juu ya jina lake. “Shrewd” liweke kama anaomba kusomea biashara na aliwahi kusimamia fedha za chama cha wanafunzi zikabaki salama. “Cunning” lifute.