Kivimbe kisichouma: maswali ya akina mama wa Moshi

Maswali haya huulizwa na akina mama wa masoko ya Kiboriloni na Mbuyuni kila tunapozungumzia saratani ya matiti. Nayajibu hapa kama ninavyowajibu wao.

Nimegusa kitu kigumu kwenye titi, lakini hakiumi. Kweli niende hospitali?

Nenda, tena wiki hii. Kutouma ndiko kunakowaponza wengi: mtu anasema angeumwa angekwenda, mwaka unapita. Vivimbe vingi vya titi si saratani, lakini kwa kupapasa tu hakuna anayeweza kuwa na uhakika, hata muuguzi. Angalia pia chuchu iliyozama ndani wakati zamani haikuwa hivyo, chuchu inayotoa damu, ngozi yenye vishimo kama ganda la chungwa, na uvimbe kwapani. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, uombe rufaa kwenda hospitali ya Mawenzi au KCMC hapa Moshi.

Wanasema ukichomwa sindano ya kipimo, saratani inasambaa.

Si kweli, na maneno haya yamewachelewesha wengi. Sindano inachukua kinyama kidogo kwenda maabara. Bila majibu hayo daktari hajui anatibu nini, maana saratani za matiti haziko za aina moja. Zipo zinazolishwa na homoni, ambazo mgonjwa hupewa vidonge vya kumeza kwa miaka mitano au zaidi. Zipo ambazo vidonge hivyo havizigusi. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Kwa hiyo majibu yakikawia, rudi ukaulize. Ni haki yako.

Kuweka hela kwenye sidiria kunaleta saratani?

Hapana, mama. Sidiria nyeusi pia haileti. Hatari huongezeka kadiri umri unavyosogea, ukiwa na mama au dada aliyeugua, ukinywa pombe (na mbege ni pombe), au ukinenepa sana baada ya kukoma hedhi. Kunyonyesha kunapunguza hatari. Ila wengi wanaougua hawana ndugu hata mmoja aliyewahi kuugua, kwa hiyo usijihesabu salama.

Na wanaume?

Wanaugua pia, ila wachache: hawafiki hata mmoja kati ya wagonjwa 100.

Mke wangu ameanza dripu za saratani. Nimsaidieje?

Baba, msindikize. Ukae naye kwa daktari, uandike mnayoambiwa, kwa sababu mwenye hofu husikia nusu. Nywele zikikatika mwambie zitaota tena, maana ni kweli. Wakija ndugu wa kumuuliza amemkosea nani, wazuie mlangoni. Hakurogwa wala hakulaaniwa. Chakula akitapika, jaribu kidogo kidogo: mtori mwepesi, uji, matunda yaliyooshwa vizuri. Akishafanyiwa upasuaji, kukata majani ya ng'ombe na kubeba mkungu wa ndizi iwe kazi yako na watoto mpaka daktari aruhusu, kwani tezi za kwapani zikiondolewa mkono unaweza kuvimba. Wifi na shemeji wanaouliza wafanye nini, waambieni wagawane kulipa nauli za kliniki.

Na jambo moja la kushika sana: dripu hizo hushusha kinga ya mwili. Homa ikimpanda, hata kama ni saa nane usiku, tafuteni usafiri muda huohuo mmpeleke hospitali.