Unene uliokithiri na ubongo: mafuta hayapandi kichwani

Ikitajwa habari ya unene na ubongo, hakosekani mtu wa kusema kwamba mafuta "hupanda kichwani" na kumfanya mnene awe mzito wa kufikiri. Si kweli, na maneno hayo huwaumiza watu bure, hasa watoto wanaotaniwa darasani.

Kitabibu, mtu mzima huhesabiwa kuwa na unene uliokithiri BMI yake ikifika 30: kilo zake zigawanywe kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Kuanzia 25 hadi kabla ya 30 ni uzito uliozidi. Hesabu hiyo ilibuniwa na Adolphe Quetelet, mwanahisabati wa Ubelgiji wa karne ya 19, aliyekuwa akimtafuta mtu wa wastani katika jamii. Hakuwa akipima wagonjwa, na hesabu yake haisemi mafuta yamekaa wapi mwilini.

Yalipokaa ndipo penye jambo lenyewe. Mafuta ya mapajani na makalioni, yaliyo chini ya ngozi, hayana madhara makubwa. Yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo, humwaga katika damu kemikali zinazochochea uvimbe, na huufanya mwili usiitikie vizuri insulini, homoni inayopunguza sukari katika damu. Sukari inapanda, presha nayo inapanda, na mishipa midogo inayolisha ubongo hukakamaa na kuziba polepole. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, kwa hiyo damu ikipungua ndio huumia mapema. Hapo ndipo kiharusi na ugonjwa wa kusahau, yaani dimensia, hupata njia.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya watu zaidi ya 6,500 waliopimwa ukubwa wa tumbo wakiwa na miaka 40 hadi 45, kisha wakafuatiliwa hadi uzeeni. Wenye matumbo makubwa zaidi walipata dimensia karibu mara tatu ya wenye madogo zaidi. Hata waliokuwa na uzito wa kawaida, lakini wana kitambi, hatari yao ilikuwa juu. Mtu kama huyo BMI humpita bila kumwona.

Tena umri una neno lake. Hatari hii huonekana zaidi kwa unene wa umri wa kati. Mzee anayekonda bila sababu asipongezwe, kwani dimensia yenyewe huweza kumpunguza mtu uzito miaka kadhaa kabla haijajulikana.

Basi ukitaka kumwonya ndugu yako mnene, usimwambie akili zake zitaisha, maana wengi wanene huzeeka na kumbukumbu zao timamu. Muulize presha na sukari alipima lini mara ya mwisho, na kama kiuno chake kimezidi nusu ya kimo chake. Muulize na mwembamba mwenye kitambi.