Mchoro wa mtiririko wa data ni nini?

Anayesomea uchambuzi na usanifu wa mifumo ya taarifa, awe Makerere au chuo kingine, hukutana na mchoro huu mapema. Huonyesha taarifa zinatoka wapi, zinafanyiwa nini, zinawekwa wapi na zinamfikia nani. Ulienea mwishoni mwa miaka ya 1970, Tom DeMarco na Edward Yourdon wakiwa miongoni mwa walioufundisha Marekani.

Alama zake ni nne tu. Kisanduku ni mtu au ofisi iliyo nje ya mfumo, duara ni shughuli, mistari miwili sambamba ni hifadhi, na mshale ni data inayosafiri. Kompyuta haihitajiki hapo: daftari la karatasi ni hifadhi kama ilivyo hifadhidata (database) ya kompyuta.

Tuseme unachorea SACCO ya waendesha boda boda wa Busia. Mwanachama analeta akiba, taslimu au kwa mobile money. Mhazini anapokea, anaandika kwenye daftari, anatoa risiti. Hadi hapo hakuna shida. Sasa chora mkopo. Ombi linaingia kwenye duara la kuidhinisha, jibu linatoka. Mhazini anakuambia kwamba huwa wanaangalia akiba ya mwombaji kwanza, lakini ukimwomba akuonyeshe, hakuna mshale wowote unaotoka kwenye daftari kwenda kwenye uamuzi. Mwenyekiti anawafahamu watu wake, basi. Taarifa muhimu kuliko zote imo kichwani mwa mtu mmoja, na programu itakayoandikwa bila kulijua hilo haitatumika.

Ndiyo maana mchoro una masharti. Duara lisimeze data bila kutoa chochote, wala lisitoe jambo ambalo vilivyoingia haviwezi kulizalisha. Mshale usitoke hifadhi moja hadi nyingine moja kwa moja, kwani daftari halijinakili lenyewe.

Wanafunzi wengi, kwa maoni yangu, huuchora wakiwa wameshamaliza kuandika programu, ili ripoti ya mwaka wa mwisho ipite. Hapo umeshakuwa pambo. Mpe mhazini rasimu ukiwa hujaandika hata mstari mmoja wa programu, umwachie na kalamu. Usimuulize “mahitaji ya mfumo ni yapi?” Muulize: daftari hili likipotea leo, nani atashindwa kufanya kazi? Kuchagua hifadhidata au lugha ya programu kunakuja baadaye, kwenye usanifu.