Mchawi kisheria ni nani hasa? Sheria ya Uchawi ya 1928 kwa lugha ya kijiweni

Msimu uliopita mvua zilichelewa kijijini kwetu upande wa Chamwino hapa Dodoma, Tanzania, watu washapanda mtama na uwele kwenye vumbi, kila siku wanaangalia juu hamna kitu, na kama kawaida maneno yakaanza, mara fulani kafunga mvua, mara kuna chungu kimefukiwa kwenye shamba la bibi mmoja mjane anayekaa peke yake. Kijana mmoja pale kijiweni akasema jamani tusimguse bibi wa watu, tumpeleke polisi ashtakiwe kwa uchawi, si sheria ipo. Wengi wakaitikia ndio, sheria ipo. Nikauliza, inasemaje? Kimya. Karibu kila mtu anajua ipo, hamna aliyewahi kuisoma, ndo maana nimekaa chini kuielezea maana neno lenyewe "uchawi" kwenye sheria halina maana ile tunayoijua sisi.

Sheria ipo kweli. Inaitwa Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ilitungwa na Waingereza mwaka 1928 enzi za Tanganyika na mpaka leo iko kwenye vitabu vya sheria za nchi. Imerekebishwa hapa na pale ila mifupa yake ni ileile ya mkoloni.

Sasa shika hapa maana ndo kiini cha yote. Mtaani ukisema mchawi unamaanisha mtu mwenye uwezo, anaruka na ungo, anaroga ng'ombe wafe, anafunga mvua. Sheria haijaingia huko kabisa. Haisemi uchawi upo na haisemi haupo. Inapotafsiri neno uchawi inataja ulozi na kuroga na kutumia vifaa vya uchawi, halafu inaongeza kitu kimoja kikubwa sana: KUJIDAI kuwa na nguvu za giza au KUJIDAI kuwa na elimu ya hizo nguvu. Hilo neno kujidai ndo limebeba mzigo wote. Yaani hakimu hakuulizi kama jana usiku uliruka, anauliza ulisema nini, ulikutwa na nini, ulimtishia nani, ulimpa nani dawa ya kumdhuru mwenzake.

Na inaeleweka kwanini, fikiria tu mwenyewe uko mahakamani pale, upande wa mashtaka utaleta shahidi gani wa kuthibitisha kwamba bibi alikuwa juu ya paa saa nane usiku bila mwili wake kutoka kitandani? Hakuna. Lakini mtu aliyesimama sokoni akamwambia mwenzake "nisipolipwa hela yangu hutamaliza wiki, nimeshakutengenezea", huyo ana mashahidi, amesikika na watu kumi. Kosa lake ni kile kitisho. Hata kama kile alichobeba kwenye kibuyu ni majivu ya jikoni tu, kosa liko palepale.

Vifaa vya uchawi navyo vina tafsiri pana kweli. Ni kitu chochote kinachotumika, au kinachodaiwa, au kinachoaminiwa na watu kwamba kina nguvu ya kuua, kuleta ugonjwa, kuharibu mali, kumtia mtu hofu, kumfichua mwizi, hata kuleta mambo ya asili kwa njia isiyo ya kawaida. Hapo mwisho mtu wa Dodoma lazima ashtuke. Huku Ugogoni, kwa Wagogo, toka zamani mtemi alikuwa ndo mwenye mawe ya mvua na hakuna aliyemuona mchawi, alikuwa kiongozi wa ibada ya watu wake, mvua ikigoma wanaenda kwake. Ukiisoma ile tafsiri kavukavu unaona inaweza kumbeba hata yeye. Mi naona hapo mwandishi wa sheria hakujua, au hakujali, kwamba huku mtu wa kuita mvua na mtu wa kuifunga ni watu wawili tofauti kabisa.

Hii akili ya "kujidai" Waingereza hawakuibuni kwa ajili yetu, walishaitumia kwao. Zamani kule England uchawi ulikuwa kosa la kifo, sheria ya 1563 na ile ya 1604 ziliwanyonga watu, wengi wao wanawake maskini. Ikaja sheria ya 1735 ikageuza kibao: kuanzia hapo hakuna tena kumshtaki mtu kwa kuwa mchawi, anashtakiwa yule anayejifanya ana nguvu hizo, na adhabu ikashuka mpaka kifungo cha mwaka mmoja. Sheria hiyo ikakaa kaaa mpaka Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1944 mama mmoja wa Scotland anaitwa Helen Duncan, kazi yake kukaa na watu gizani na kuwaitia ndugu zao waliokufa, akakamatwa Portsmouth, akapelekwa mahakama kuu ya jinai ya London na kufungwa miezi 9 kwa sheria ileile ya 1735. Inasemekana huko nyuma aliwahi kutaja kwamba meli ya kivita HMS Barham imezama, meli ambayo ilipigwa mwezi wa 11 mwaka 1941 na serikali ilikuwa bado imeificha habari, kwahiyo wapo wanaoamini kesi yake ilikuwa ya kumfunga mdomo. Waziri Mkuu Churchill mwenyewe alikasirika kuona mahakama inapoteza muda na mambo hayo. 1951 wakaifuta. Sisi ya kwetu ya 1928 tukabaki nayo.

Usidhani kila nchi inafikiri hivi. Cameroon kwenye kanuni yao ya adhabu kifungu cha 251 wanaadhibu kitendo chenyewe cha uchawi kinachovuruga amani au kumdhuru mtu, na kule imeshatokea mganga anaitwa mahakamani kama shahidi mtaalamu kusema huyu ni mchawi. Huo ni mlango mwingine kabisa, na naomba Mungu usifunguliwe hapa kwetu, maana ukishamruhusu mganga awe ndo kipimo basi mwenye adui na hela kidogo ameshinda kesi.

Turudi kwa yule kijana wa kijiweni, maana kuna upande wa pili wa sheria hii ambao watu hawaujui kabisa. Kumtaja mtu kuwa ni mchawi nako ni kosa. Ndio, ni kosa. Ukisimama kwenye mkutano wa kijiji ukanyoosha kidole, au ukapita nyumba kwa nyumba unasema bibi fulani ndo kafunga mvua, wewe ndo unayetafutwa. Ruhusa iliyopo ni kupeleka malalamiko yako kwa mamlaka, polisi au serikali, basi. Hii ndo sababu wale wanaoitwa kijijini "kuwanyoa wachawi", sijui lambalamba, wanaochangisha elfu mbili mbili kila kaya halafu wanafukua vibuyu kwenye nyumba za wazee, wao wenyewe ndo wanavunja sheria mara mbili: wamejidai wana nguvu, na wamewataja watu.

Kuna kipengele kingine ambacho mi sikipendi. Mkuu wa wilaya akipewa taarifa kwamba mtu anatuhumiwa, baada ya kuchunguza anaweza kuamuru huyo mtu akakae sehemu nyingine. Anahamishwa bila kesi mahakamani. Labda aliyeandika alifikiri anamwokoa mtu na kipigo, lakini angalia anayehama ni nani, ni bibi wa miaka 70 anaacha shamba na kaburi la mume wake, na waliomsingizia wanabaki na mara nyingi wanaligawana lile shamba.

Na je ukimuua unayeamini ni mchawi? Hapo sheria ya uchawi haihusiki tena, hiyo ni mauaji ya kukusudia. Watu wanadhani ukisema "aliniroga" utapunguziwa. Kesi inayonukuliwa mpaka leo Afrika Mashariki ni ya Eria Galikuwa wa Uganda, 1951, alimuua mganga aliyekuwa anamdai shilingi 1000 na kumtishia kifo, akasema usiku alikuwa anasikia sauti yake. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikasema hofu na imani peke yake haitoshi kuwa kukasirishwa kisheria, lazima marehemu awe amefanya kitendo mbele yako, palepale, na wewe ukapandwa na hasira palepale. Kama hukuwa na akili timamu hilo ni jambo lingine, hapo unapimwa, na ndo kazi mojawapo ya Isanga hapa mjini kwetu, kituo cha wagonjwa wa akili wenye kesi kilicho chini ya hospitali ya Mirembe.

Majirani zetu Singida wana historia yao nzito, wale watu-simba wa miaka ya 1940, watu wanauawa kwa makucha usiku na kijiji kinasema ni simba wa kutumwa. Waliokamatwa walishtakiwa kwa mauaji. Mahakama haikuhitaji kujua kama mtu anaweza kugeuka simba, ilihitaji kujua nani alishika yale makucha.

Naomba niseme na hili la macho mekundu maana linaniuma. Wanawake wazee wengi nchi hii wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Wilaya ya Kongwa hapahapa Dodoma madaktari wa macho wanaifahamu miaka mingi kwa ugonjwa wa vikope, trakoma, ambao kope zinageukia ndani zinakwaruza jicho mpaka linakuwa jekundu na mwisho upofu. Changanya na moshi wa kuni au wa kinyesi cha ng'ombe miaka 50 jikoni. Huo ndo uchawi wa macho.

Mganga wa tiba asili naye asiingizwe humu kiholela. Ana sheria yake ya mwaka 2002 na baraza linalomsajili, anatibu kwa miti na mizizi, hana kosa. Kosa linaanza akiacha mizizi akaanza kukwambia aliyekuroga ni shangazi yako, ile ramli chonganishi, ambayo serikali iliipiga marufuku mwezi wa 1 mwaka 2015 wakati mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yamezidi.

Kwahiyo yule bibi wa kwetu kisheria alikuwa nani? Hakujidai kitu, hakumtishia mtu, hakuwahi kusema ana dawa. Chungu kilifukuliwa mbele ya mtendaji wa kijiji, kilikuwa cha kuhifadhia mbegu za mtama, na mbegu zilikuwemo. Mjukuu wake alienda polisi kuandikisha majina ya watatu waliomtaja. Mvua ilinyesha wiki mbili mbele, na bibi akazipanda.