Oris ya Hölstein: yasemwayo na yaliyo kweli

Saa za Uswisi zikitajwa, wengi huona picha ileile: mzee kainama mezani na lenzi jichoni, theluji nje ya dirisha, jina la ukoo limechorwa juu ya mlango. Oris, kampuni ya saa ya Uswisi, haimo katika picha hiyo, na labda ndiyo maana husemwa mengi yasiyo yake.

Dhana: Oris ni jina la ukoo wa mafundi.

Ni jina la kijito. Paul Cattin na Georges Christian walitoka mji wa Le Locle mwaka 1904, wakanunua kiwanda cha Lohner & Co kilichokuwa kimefungwa katika kijiji cha Hölstein, jimbo la Basel-Landschaft, wakakipa jina la kijito kinachopita jirani. Wala hakikuwa kibanda cha fundi mmoja. Kufikia 1911 wafanyakazi walizidi 300, na kampuni ikawa inawajengea nyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zilikuwa zikitoka saa milioni 1.2 kwa mwaka, za mkononi na za mezani. Tangu mwanzo kazi yao ilikuwa saa nyingi kwa watu wa kawaida. Anayetafuta ufundi wa kifalme hapa atakuwa amebisha mlango usio wake.

Dhana: Saa zao za zamani zilikuwa rahisi kwa sababu hawakujua kutengeneza bora.

Hapa inabidi tuifungue mashine. Springi kuu inasukuma magurudumu yazunguke. Yakiachiwa hivihivi, saa nzima itaishiwa nguvu kwa muda mfupi tu. Kinachoyazuia ni kipande kidogo chenye umbo la nanga, ambacho Wajerumani nao hukiita nanga: kinashika jino la gurudumu, kinaliachia, kinashika linalofuata, na ule mlio wa tik-tik ndiyo kazi yake. Katika saa nzuri, ncha mbili za nanga zinazogusa meno ni vipande vya rubi ya kutengenezwa. Katika nanga ya pini, ndiyo iliyokuwa kwenye saa za zamani za Oris, mahali pa rubi pana vijiti viwili vya feleji vilivyosimama wima.

Pini ni rahisi kutengeneza na rahisi kufunga. Ubaya wake ni kwamba chuma kinasuguana na chuma. Mafuta yakikauka, pini inalika upande unaoguswa na kuwa bapa. Jino halitelezi tena katika pembe iliyokusudiwa, na balansi, lile gurudumu linaloyumba huku na huku, inapewa msukumo dhaifu. Kwa hiyo ukiletewa Oris ya miaka ya 1950 inayochoka kabla ya usiku kwisha, usianze na springi. Toa nanga, tazama pini kwa lenzi ya mara kumi. Zikiwa na bapa, kuosha na kutia mafuta mapya hakutasaidia kitu. Nanga hiyo ni ya kubadilishwa.

Sasa kwa nini Oris walibaki na pini miaka yote hiyo? Kwa sababu sheria iliwakataza kuziacha. Mwaka 1934, katika mdororo wa uchumi, serikali ya Uswisi iliweka kanuni za kulinda sekta ya saa: asiwepo wa kupanua kiwanda au kubadili aina ya uzalishaji bila kibali. Oris ilikuwa imeshahesabiwa kuwa kiwanda cha pini, basi ikafungiwa humo. Mwaka 1956 waliajiri mwanasheria kijana, Dkt. Rolf Portmann, kazi yake ikiwa kuing'oa kanuni hiyo. Ilimchukua miaka kumi. Mwaka 1966 ikaondoka. Na mwaka 1968, miaka miwili tu baadaye, mashine yao namba 652 yenye nanga ya rubi ilipata hati kamili ya kronomita, yaani saa iliyopimwa na kuthibitishwa usahihi wake, kutoka kituo cha uangalizi wa nyota. Kiwanda kisichojua kazi hakipati hati hiyo kwa miaka miwili. Ujuzi ulikuwepo, kilichokosekana ni kibali.

Dhana: Oris ni mali ya Swatch Group, lile kundi kubwa la kampuni za saa za Uswisi.

Ilikaribia. Mwaka 1970 iliingia ASUAG, shirika ambalo baadaye lilizaa Swatch Group. Saa za kwatsi, zile za betri, zilipoiangusha sekta, ASUAG ikawa tayari kuiacha, na mwaka 1982 Portmann, yule mwanasheria, pamoja na Ulrich W. Herzog waliinunua. Tangu hapo haimo katika kundi lolote. Baada ya muda waliachana na betri kabisa wakabaki na saa za makanika pekee, wakati ambapo wenye hesabu zao wangeona huo ni wazimu.

Dhana: Kampuni huru hutengeneza kila kipande chenyewe.

La. Oris nyingi za bei ya kati zina mashine namba 733, ambayo msingi wake ni SW200 ya kiwanda kingine, Sellita: vito 26 vya kupunguza msuguano, mitetemo 28,800 kwa saa, akiba ya nguvu (muda inaoenda bila kujazwa) ya saa 38 hadi 41. Hilo si la kuficha wala la kuonea haya. Fundi yeyote mwenye uzoefu anaijua mashine hiyo na vipuri vyake vinapatikana. Maandishi "Swiss Made" nayo hayadai kila skrubu itoke Uswisi. Tangu 2017 sharti ni kwamba angalau asilimia 60 ya gharama ya kuitengeneza saa iwe ya Uswisi, mashine iwe ya Uswisi, na kufungwa pamoja na kukaguliwa mwisho kufanyike huko.

Mashine zilizobuniwa na wao wenyewe zilirudi mwaka 2014 kwa namba 110, ya kutia ufunguo kwa mkono, yenye springi ya urefu wa mita 1.8 na akiba ya siku kumi. Kisha ikaja namba 400 mwaka 2020, inayojijaza yenyewe, mapipa mawili ya springi, siku tano.

Dhana: Saa ya makanika ikikimbia dakika kadhaa kwa siku, imeharibika.

Mara nyingi imeshika usumaku tu. Springi ya balansi ni nyembamba kuliko unywele, imejikunja kama koili ya kufukuzia mbu. Ikishika usumaku, mizunguko yake inanatana, springi inafanya kazi kama imefupishwa, na balansi inayumba haraka. Wahusika wako nyumbani: spika, kifuniko cha simu chenye sumaku, kibano cha mkoba. Weka saa karibu na dira. Sindano ikichezacheza unapoisogeza saa, mpe fundi aipitishe kwenye kifaa cha kuondoa usumaku. Ni kazi ya sekunde chache, na usikubali kulipishwa kama umefanyiwa usafi wa mashine nzima.

Kiwango cha kimataifa cha saa zinazohimili sumaku kinadai saa istahimili gausi 200 (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku) bila kukosea zaidi ya sekunde 30 kwa siku. Namba 400, yenye vipande zaidi ya 30 visivyoshika sumaku, ilipimwa kwa gausi 2,250 na ikakosea chini ya sekunde 10. Inapewa dhamana ya miaka kumi kwa mwenye kuisajili, na muda huohuo ndio unaopendekezwa kati ya huduma moja na nyingine. Ila hiyo ni habari ya mashine. Mipira ya kuzuia maji inazeeka kivyake, na anayeogelea na saa aipime kila mwaka.

Dhana: Maji yakionekana ndani ya kioo, saa imekufa.

Kwa saa zote nyingine, kimbia kwa fundi. Kwa Aquis Depth Gauge ya 2013, saa ya Oris ya kupimia kina cha maji, maji hayo yamekaribishwa. Kioo chake kimechongwa mfereji unaozunguka ukingoni, wenye mlango kwenye 12. Mzamiaji akishuka, maji yanaingia na kuibana hewa iliyomo. Mahali maji yanapokutana na hewa ndipo unaposoma kina. Hakuna springi wala gia, ni kanuni ya Boyle tu: mgandamizo ukiwa maradufu, hewa inabaki nusu.

Fanya hesabu. Juu ya maji mgandamizo ni kama baa 1 (baa ni kipimo cha mgandamizo), na kila mita 10 huongeza baa 1. Mita 10: baa 2, maji yamejaza nusu ya mfereji. Mita 20: theluthi mbili. Mita 30: robo tatu. Umeona? Mita kumi za kwanza zimechukua nusu nzima, na kutoka 20 hadi 30 umepata sehemu moja tu ya kumi na mbili. Alama zinabanana kadiri unavyoshuka, kwa hiyo kifaa hiki kinasomeka vizuri zaidi pale maji yalipo machache. Jambo la pili: katika ziwa la milimani, mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, hewa ni kama baa 0.8. Mfereji utajaa nusu ukiwa mita 8 tu, na saa itakwambia 10. La tatu ni uchafu. Chumvi na mafuta ya kujikinga na jua vikiziba mlango, maji hayapiti na usomaji unakwama. Isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila unapotoka baharini.

Dhana: Rota nyekundu, lile bamba linalozunguka na kujaza springi mkono ukitikisika, inaongeza usahihi.

Ni rangi. Waliisajili kuwa alama yao mwaka 2002. Saa ya kutia ufunguo haina rota kabisa, basi kutoiona nyekundu hakumaanishi umeuziwa bandia.

Dhana: Akrabu ya nne ni ya kengele, na tarehe hujirekebisha.

Akrabu ile ndefu kwenye saa yao iitwayo Big Crown, yenye ncha inayotembea juu ya namba 1 hadi 31, ni ya tarehe. Iko hivyo tangu 1938, pamoja na kifunguo kikubwa ambacho rubani angeweza kukizungusha akiwa na glavu. Mashine haijui mwezi una siku ngapi. Utaisogeza mwenyewe mara tano kwa mwaka, baada ya Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba. Usiisogeze kwa kifunguo kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku (kwenye uso wa saa ni 9 na 3, tusichanganyane), maana meno ya kalenda yameshashikana na yanaweza kuvunjika. Peleka kwanza akrabu fupi kwenye 6, ndipo ubadilishe.

Hata utani wao unategemea kanuni hiyo. Saa yao ProPilot X ya 2023, ya titani, milimita 39, uso wa kijani, ina dirisha la tarehe ambamo namba 1 haipo: mahali pake anachungulia Kermit, yule chura wa televisheni. Anatakiwa kutokea tarehe mosi ya kila mwezi. Ukisahau kuirekebisha mwisho wa Aprili atatokea Mei 2, na ukisahau mwisho wa Februari yenye siku 28, utamngoja hadi Machi 4.