Takwa Haiendwi Saa Yoyote

"Twende Takwa saa nne, tukishakunywa chai." Wiki hii nimeambiwa hivyo mara tatu, na wote watatu walikuwa wageni wa meli wenye saa sita tu za kukaa Lamu.

Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote: kwamba boti ikiwa na mashine, magofu ya mji wa Takwa yanafikika wakati wowote. Si kweli hata kidogo. Magofu yako kisiwani Manda, na boti huingia kwa hori jembamba lililozungukwa na mikoko. Maji yakijaa, unapita bila shida. Yakipwa, hori linabaki tope, na mashine pasipo maji haina kazi.

Nimeshapwelewa humo na wageni wanne. Nilitia upondo, mti wa kusukumia boti, ukadidimia hadi ngumi yangu ikagusa tope. Kaa wakaanza kutoka mashimoni kando ya boti, jua la utosi, na hakuna aliyethubutu kushuka. Tulikaa hivyo mpaka maji yakageuka. Nilikuwa nimekubali kubembelezwa, na tangu siku hiyo sibembelezeki.

Hesabu yenyewe si ngumu. Huku kwetu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji makubwa: maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu saa nne asubuhi, saa ileile wageni wanapotaka kuondoka. Baada ya wiki moja, maji mafu, yaani madogo, yakiingia, mambo hugeuka, na asubuhi ndiyo saa ya kujaa, ingawa si kwa wingi, kwa hiyo chukua boti ndogo. Kila siku saa husogea mbele dakika kama 50. Muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi kabla hujamuuliza bei. Akikujibu "wakati wowote," tafuta mwingine.

Nasema haya kwa sababu Takwa inastahili kufikwa kwa utulivu. Kuna msikiti wake mkuu, na kaburi la mnara lenye mwaka wa Hijria 1094, yaani 1682 au karibu yake. Mji ulihamwa karne hiyohiyo ya 17, na watu wa Shela, kijiji jirani na mji wa Lamu, wanaohesabu Takwa kuwa asili yao, bado huenda kuomba mvua pale. Kwa hiyo usipande juu ya kuta.

Kama asubuhi maji yamepwa, anza na mji. Na hapo, tafadhali, ngome ya Lamu haikujengwa na Wareno. Ya Wareno ni Fort Jesus, Mombasa, ya miaka ya 1590. Hii yetu ilianza baada ya vita vya Shela, Lamu ilipowashinda Pate na Mombasa, na kumalizika karibu 1821 kwa msaada wa Waomani. Ilikuwa gereza hadi 1984.

Wengine hudhani meli itafunga mlangoni mwa mji wa kale. Gati kubwa, lililoanza kazi 2021, liko Kililana, bara. Penginepo meli hutia nanga na watu huletwa kwa boti, na muda huo unakatwa kwenye saa zako.

Shela nayo si "hapo tu." Ni kama kilomita 3 kutoka mjini Lamu, na maji yakijaa njia ya ufukweni huliwa na bahari. Nenda kwa miguu maji yakiwa yamepwa, rudi kwa boti.